Koti la Ulaya katika Jua la Garsen

Msomaji mpenzi, kama hujapata kumwona mtu aliyevaa koti la manyoya saa nane za mchana, jua likiwa utosini na ardhi ikipasuka kwa joto, basi nenda Garsen ukasimame pale zinapopangwa pikipiki za kubeba abiria. Utawaona vijana wetu wamefunga zipu mpaka kidevuni. Wengine wamevaa makoti yaliyoshonewa nchi za theluji, yenye kofia nyuma na manyoya shingoni, na jasho hawalijali. Mimi nilipowaona mara ya kwanza nilicheka. Nikamwambia mwenzangu, "Hawa wamepigwa na jua au wanalikimbia?" Mwenzangu, mzaliwa wa Ngao, akaniambia nipande pikipiki niende Minjila na kurudi alfajiri, kisha nicheke tena.

Nilipanda. Sikucheka tena. Upepo wa alfajiri katika tambarare ile, na pikipiki inakwenda kama mshale, hupenya kanzu na fulana ukafika kwenye mbavu. Nikaelewa kwamba koti lile lina kazi yake, na kwamba mjinga wa siku ile alikuwa mimi.

Lakini si habari ya upepo niliyokusudia kuiandika leo. Nataka kuandika juu ya njia liliyopita koti lile mpaka likafika mgongoni mwa kijana yule, maana njia yenyewe imezusha maneno, na maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, na baadhi yake yamenichoma.

Kila mwenye kusoma magazeti anajua habari ya Mto Tana na mafuriko yake. Mvua ikinyesha sana huko juu milimani, na mabwawa ya Masinga na wenzake yakijaa yakafurika, sisi wa huku chini hatungoji kuambiwa. Maji huja yenyewe. Mwisho wa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipokata barabara, mimi nilikuwa kijana mwenye daftari na kalamu, na Garsen niliifikia kwa mashua. Mwaka 2018 maji yakarudi. Mwisho wa 2023 yakaja tena, barabara ya Lamu ikazama upande wa Gamba, na watu kabla hawajakauka, Aprili na Mei ya 2024 yakawafuata mengine. Kila mara mambo ni yale yale. Wapokomo wanapoteza migomba, mpunga na mahindi yao ya kando ya mto, Waorma na Wawardei wanahamisha ng'ombe kutafuta mahali pakavu, na familia zinalala juu ya matuta na kando ya barabara chini ya maturubali.

Basi hapo huja misaada. Huja unga, maharagwe, mafuta, blanketi, na huja nguo. Watu wa Mombasa na Nairobi, na wa mbali zaidi, hufungua makabati yao wakatoa wasivyovivaa. Mwenyezi Mungu awalipe kila la kheri. Lakini mtu anapotoa asichokivaa, hakumbuki daima kwamba anayepelekewa naye ana mwili, ana jua lake, ana kazi yake. Nimeona viatu vya visigino virefu vikigawiwa watu waliokuwa na matope mpaka magotini. Nimeona tai. Na nimeona makoti, marundo kwa marundo.

Baada ya siku chache makoti yale yakaonekana sokoni. Hapo ndipo yalipoanza maneno. Mtu mmoja mwenye cheo, simtaji, alisimama mbele ya watu akasema kwamba wanaouza nguo za msaada ni watu wasio na shukrani, na wanaozinunua ni wanyonyaji, na wote wawili watatiwa ndani. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilitikisa kichwa kuafiki, maana nilikuwa sijafikiri.

Nilikuja kufikiri nilipokutana na mama mmoja muuza mitumba. Sitalitaja jina lake, kwani hakuniomba nimtangaze, na maneno ya yule mkubwa bado yanamtia wasiwasi. Ana turubali lake katika soko, na nyumbani ana cherehani ya mkono na pasi ya makaa. Siku za kawaida hupanda basi kwenda Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100, na akiwa na mtaji mzuri hufika mpaka Kongowea, Mombasa. Mtumba mzima wa kilo 45 hauwezi peke yake. Hungoja wenye maduka wafungue, wenye nguvu wachukue "kamera", yaani zile nguo safi za mwanzo, kisha yeye anunue za katikati, na mara nyingine zile za mwisho ambazo wenyewe huziita "fagia". Ndizo anazozipenda. "Ustadhi," aliniambia, "kwenye fagia ndiko kwenye riziki yangu, kwa sababu wengine wanaona tundu na mimi naona kiraka."

Nilikaa naye siku nzima, na nakiri kwamba nilijifunza uchumi zaidi ya nilivyojifunza katika vitabu. Shati lenye kola iliyochakaa huifumua kola, akaigeuza ndani nje, akaishona tena. Ikawa mpya. Suruali mbili mbovu hutoa moja nzima na kaptura ya mtoto. Shuka kubwa la kitanda cha Kizungu hutoa magauni matatu ya wasichana, na mabaki yake hutoa foronya. Vifungo huvitia katika kopo la maziwa ya unga, zipu katika kopo jingine. Kitambaa kisichofaa kabisa humpa fundi wa baiskeli afutie mafuta, na kwa kulipa fundi humtilia upepo bure. Hakuna uzi unaotupwa pale.

Jambo hili lilinikumbusha marehemu mamangu. Sisi tuliolelewa Pwani tunajua maisha ya leso. Leso huanza kwa kutandwa harusini, ingali na wanga wake na harufu ya duka. Ikipauka huwa ya jikoni. Ikichoka hukatwa winda za mtoto. Winda zikilegea huwa matambara ya kupangusia, na ya mwisho kabisa hutiwa ndani ya mto wa kulalia. Mamangu alikuwa akiujua mto wake kwa ndani, akikutajia leso zilizomo na nani alimpa kila moja. Nasi tuliokuwa chuoni, tukiandika kwa wino wa masizi juu ya mbao zetu na kuzifuta tukaandika tena, hatukudhani kuwa tunafanya uwekevu. Tulidhani ndivyo dunia ilivyo. Leo mtu akishona kiraka huonwa maskini, na akitupa huonwa ameendelea. Ajabu kubwa!

Turudi kwa makoti. Yule mama alikuwa ameyanunua kwa familia zilizokuwa katika maturubali, moja kwa shilingi thelathini, jingine hamsini. Akayafua, akayatia zipu, akayapiga pasi, akawauzia vijana wa pikipiki na mabawabu wa maduka kwa mia na hamsini, mia mbili. Wachungaji wanaokesha na mifugo nao walinunua. Basi je, huu ni unyonyaji? Nami nilimwuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejiona hakimu.

Kabla sijakupa jibu lake, nikueleze ninavyoona mimi kuhusu lile neno la "hawana shukrani". Tulipokuwa chuoni maalim wetu alitusimulia habari ya Barira, mjakazi aliyeachwa huru, ambaye alipewa nyama ya sadaka. Mtume, sala na salamu zimshukie, yeye hali sadaka. Lakini Barira alipoitoa nyama ile kwa nyumba ya Mtume, akaieleza hukumu yake: kwa Barira ilikuwa sadaka, na ikitoka kwa Barira ni zawadi. Sisi watoto tuliona ni kisa cha nyama tu. Maalim akatufahamisha kwamba ndani yake mna sheria kubwa. Kitu kikishatoka mkononi mwa mtoaji kikaingia mkononi mwa mpokeaji, jina lake limebadilika. Ni mali ya mpokeaji. Akipenda atakivaa, akipenda atakitoa, akipenda atakiuza. Mtoaji hana kamba tena ya kukivuta.

Na hii si kwa Waislamu peke yao, kwani akili yoyote inakubali. Ukimpa jirani yako kuku, huwezi kurudi kesho kuuliza mbona hakumchinja. Mama mwenye watoto watano juu ya tuta, hana unga, hana chumvi, na mkononi ana koti la baridi ambayo hajapata kuiona, akiliuza koti apate unga, hajatupa msaada. Amekwenda kuukamilisha. Aliyempa koti alitaka kumsaidia, na sasa amesaidika. Kosa, kama lipo, ni la yule aliyeona picha ya maji katika gazeti akafikiri watu wa Tana wanatetemeka kwa barafu.

Sisemi kwamba kila kilicholetwa kiuzwe tu. Chandarua cha mbu kiache nyumbani, kwa sababu baada ya maji huja homa, na homa haingoji mtu apate bei nzuri. Dawa ni hivyo hivyo. Hata yule mama ameniambia kuwa vyandarua hanunui, na walipomletea aliwafukuza. Wala simtetei anayepora ghalani kabla ya mgao, akauza mtumba mzima kwa njia ya nyuma. Huyo ni mwizi, na ajabu ni kwamba wenye vyeo huwapigia kelele wenye koti moja huku mtumba mzima ukipita.

Niliporudi garini jioni ile nilitunga ubeti huu:

Koti lilovuka maji, lenye manyoya shingoni,
Likakuta wahitaji, walolala matutani,
Si baridi si theluji, wana njaa matumboni,
Wakiliuza sokoni, ni nani wa kuwahoji?

Kuna wasomaji watakaosema, na nawasikia kabla hawajaandika barua, kwamba mitumba yenyewe ndiyo ugonjwa, na mimi nasifu kidonda. Neno lao lina uzito, silikatai. Mimi nina umri wa kukumbuka miaka ya 1980, wakati uingizaji wa nguo kuukuu ulipozuiwa na serikali, tukavaa vitambaa vya KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret. Mwanzo wa miaka ya 1990 milango ikafunguliwa, mitumba ikamiminika kama Tana yenyewe, na viwanda vikafunga kimoja baada ya kingine. Watu wengi walipoteza kazi. Wala hatuwezi kusema ni mitumba peke yake, kwa sababu uongozi mbaya na madeni nayo yalikuwemo ndani ya viwanda vile.

Kwa watu wa Tana jambo hili ni chungu zaidi, maana pamba ilikuwa yao. Hola, ambako mifereji ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950 na mahabusu wa Mau Mau wakafanyishwa kazi, ilikuwa shamba la pamba kwa miaka mingi. Mwaka 1989 mto ukahama njia yake, pampu ikabaki inatazama mchanga, na shamba likafa. Bura nayo, iliyogharimu mamilioni juu ya mamilioni na kujaza watu kutoka kila pembe ya Kenya walime pamba, ilitegemea pampu za dizeli, na miaka hiyo hiyo ikalegea. Leo unaweza kusimama Garsen, ukawa umepita mashamba yaliyolimwa pamba upande wa juu wa mto, na kule Lamu upande wa mashariki pamba ingali inalimwa, na huku mtu aliyesimama mbele yako amevaa fulana yenye jina la timu ya mpira ya shule ya Marekani. Hilo linaniuma, na siombi radhi kwa kuumwa.

Lakini tukumbuke hata neno lenyewe. Mtumba zamani ulikuwa ni furushi la nguo alilojitwika mpagazi katika msafara wa bara. Na ndani yake mlikuwa na nini? Merikani, kitambaa kilichofumwa Massachusetts kikaletwa Unguja kwa jahazi kubwa za Wamarekani, na kaniki ya Bara Hindi. Kitambaa cha nje hakikuanza juzi kuvuka bahari kuja kwetu. Tofauti ni kwamba babu zetu kilikuja kwao kipya, nao wakakilipa kwa pembe za ndovu.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoshwe ifikapo 2019. Wamarekani wakatishia kutufungia soko lao, na Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya kuingia Marekani bila ya ushuru. Kisha mwaka 2020, kwa hofu ya korona, serikali yetu ikazuia mitumba kuingia kuanzia mwisho wa Machi mpaka Agosti. Yule mama anaikumbuka vizuri miezi ile. Anasema alikula mtaji, kisha akala kuku, kisha akauza pasi. Cherehani hakuiuza. Na katika miezi ile hakuna kiwanda kilichofunguliwa Garsen, wala Hola, wala Bura. Ndiyo sababu mimi sitii sahihi yangu kwenye barua ya kupiga marufuku. Anayetaka kuniondolea mitumba anioneshe kwanza pamba inayochumwa, kinu kinachochambua, na kitambaa chenye bei ambayo mke wa mkulima wa Wema au Hewani anaweza kuilipa. Akinionesha hivyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuvaa.

Niliahidi kukupa jibu la yule mama. Kwanza niseme jinsi anavyouza. Mteja akishika nguo, yeye huigeuza akamwonesha mahali palipochanika, akamwambia, "Hapa nimeshona, paangalie." Mimi mwenyewe nilichagua shati la buluu, naye kabla sijauliza bei akainua kwapa akanionesha uzi wake. Katika vitabu vyetu tumesoma kuhusu aibu ya bidhaa na haki ya mnunuzi kurudisha alichofichwa, na tumesoma jinsi Mtume alivyotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta umande chini, akamkanya mwenye mali kwa kuuficha. Wangapi katika wauzaji wa maduka yenye vioo watakugeuzia kwapa la shati? Nimepata kuuziwa redio mpya, ndani ya sanduku lake, na haikusema hata neno moja. Nilipoirudisha niliambiwa niliikosea waya.

Basi nikamwambia, "Mama, wewe ni mkweli, nimekuona. Lakini shilingi thelathini kwa mtu aliyelala juu ya tuta? Huoni kuwa shida yake ndiyo iliyokupa bei?"

Alikuwa anatoboa kitambaa kwa sindano. Hakuinua uso. Akasema, "Ustadhi, mimi nilikwenda kule kwenye tuta kwa mtumbwi, nimejipakia unga nilioununua kwa pesa yangu. Wengine niliwapa unga badala ya pesa, kwa sababu pesa haipikiki na duka limezama. Nilikuwa na shilingi elfu moja na mia nane, ndiyo mali yangu yote. Kama ningelipa mia kwa kila koti, ningenunua kwa watu kumi na wanane na wengine ningewaambia nini?" Akakata uzi kwa meno. "Na wewe ulikuja?"

Nikamwambia nilikuja, mwaka 1997, na mwaka 2018 pia.

"Ukanunua nini?"

Sikununua kitu. Niliandika. Mwaka 1997 niliandika makala mazuri sana, watu waliyasifu, na mhariri wangu akanipa mkono. Nilipanda mashua nikaenda zangu, na mtu wa tuta alibaki na koti lake mkononi. Nimepiga hesabu ya jambo hili usiku mwingi tangu siku ile, na mpaka leo bei yake ya thelathini sijaweza kuihukumu. Naiona ndogo. Lakini ile yangu ilikuwa sifuri.

Kuna mzee mmoja Mworma aliyekuwa amekaa karibu, akingoja kununua koti kwa ajili ya mwanawe anayechunga usiku. Alisikiliza yote, kisha akalivuta koti moja la kijani akalinusa, akalipima kwenye kifua chake, akasema kwamba upande wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Yule mama akacheka, akakiri kuwa ni kweli, akampunguzia ishirini. Mzee akalipa mia na thelathini. Mazungumzo yetu ya haki na dhuluma hayakumhusu hata kidogo, maana jua lilikuwa linashuka na ng'ombe wake wako mbali.

Nami nililipia shati langu la buluu, shilingi themanini, bila ya kupunguziwa. Nikapanda pikipiki kwenda Minjila kulikuta basi la Malindi. Kijana aliyeniendesha alikuwa na koti jeusi lenye manyoya, na upepo ulikuwa ukiyapeperusha manyoya yake yakinipiga usoni njia nzima. Yalinuka sabuni ya kipande na makaa ya pasi. Nikamwuliza amelinunua wapi. Akanipigia kelele juu ya mlio wa pikipiki, "Kwa mama pale! Zipu yake ilikuwa mbovu, lakini aliniambia!"